Maneti ya Mama na Mkono wa Kulia

Sijawahi kuwaheshimu watu wanaocheza gemu, na sitaanza leo. Mtu mzima ana ndevu, ana mke, anakaa saa tatu anakimbiza mpira usiokuwepo kwenye kioo, halafu akifunga bao anaruka juu kana kwamba kuna mtu amemwajiri. Upuuzi mtupu. Kwa hiyo nieleweke mapema. Ikiwa mwaka jana nilivuka mpaka kwenda Goma mara mbili kwa ajili ya maneti, ile ya kuchezea gemu, yenye vifimbo na vitufe, ya kushika kwa mikono miwili, na ikiwa nilikaa siku nne mbele ya kompyuta ya kizamani nikitukanana nayo, sikufanya hivyo kwa kupenda. Nilifanya kwa sababu ya mkono wa kulia wa mama yangu.

Mama alianguka dukani, asubuhi, akiwa anamwonyesha mteja kitenge. Kiharusi. Ulimi ulilegea siku tatu kisha ukarudi, na ulirudi na nguvu kuliko zamani, manesi wote wa wodi ile ni mashahidi. Mguu ukarudi polepole. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa tu mapajani, vidole vimejikunja. Daktari wa mazoezi, ambaye hapa kwetu tunamwita mtu wa kine, hakutuzungusha. Alisema miezi ya mwanzo ndiyo yenye maana. Vidole vikifanyishwa kazi kila siku, vinaweza kurudi, si vyote labda, lakini vinaweza. Vikiachwa, vitakauka vikiwa vimekunjwa hivyo hivyo, na baada ya hapo aje nani, aje na nini, havitafunguka.

Sasa elewa ule mkono ulikuwa nini. Mama anauza vitenge karibu na soko la Gisenyi tangu sijazaliwa. Wenzake wanakitoa kitenge kwenye rafu na kukuwekea mezani kama sahani ya wali. Yeye alikuwa anakishika ncha, anakirusha mara moja kwa mkono wa kulia, kitambaa kinafunguka chote hewani na kumwangukia mteja begani. Mteja akishavikwa, kukivua ni aibu. Wanawake walikuwa wakitoka Cyanzarwe na viazi vyao, wanaingia kuangalia tu, wanatoka na vitenge viwili. Bila mkono ule Mama alikuwa mzee mwenye duka la vitambaa vilivyokunjwa.

Mtu wa kine alimpa mpira mdogo wa kuminya, mara mia asubuhi na mara mia jioni. Mama aliutazama kama mtu aliyeletewa chakula cha paka.

"Mi siko mutoto wa kuchezea mupira," akasema.

"Mubyeyi, ni dawa hiyo," kijana wa kine akamjibu, akimwita mzazi kwa heshima zote.

"Dawa naimeza. Hii nitaimeza?"

Alipofika nyumbani aliugawa kwa watoto wa jirani. Nikaleta udongo wa kufinyanga, akasema tumeshaanza kumfundisha chekechea. Nikaleta ngano aichambue kwa vidole, akaniuliza kama jikoni hakuna mtu. Wiki ya tatu vidole vilikuwa vimejikunja zaidi kuliko wiki ya kwanza, na mimi nilikuwa nashindwa kulala, na hasira zangu zote nilizimalizia kwa muuza mkaa.

Ndipo nilipokumbuka gemu. Aibu ya nyumba yetu, nitaisema. Nyuma ya duka kuna chumba kidogo, na ndani yake kuna kompyuta ambayo marehemu Baba aliinunua Goma ikiwa tayari imechoka, katika ofisi moja iliyokuwa inafungwa. Ndani yake alikuta gemu ya mashindano ya magari. Baba aliicheza wiki moja akaiacha. Mama akaichukua, na hakuiacha tena. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri, soko likiwa limelala, yeye alikuwa huko nyuma na mtandio wake, anakunja kona. Nimewahi kumsikia kwa masikio yangu akimwambia mteja, "Ngoja kidogo, mama, niko kona ya mwisho." Mimi nilisomea Tabora kwa shangazi yangu, nyumba ya watu wenye adabu, nikarudi nikamkuta mama mzazi anatukana gari la buluu. Nilimdharau kwa hilo miaka mingi na sikumficha.

Lakini nilikuwa namjua. Mama hawezi kuvumilia kushindwa. Akicheza karata na wajukuu anaiba. Nikajiambia: mpira hana sababu ya kuuminya, lakini mpe gari, mpe wapinzani watano, mpe kitufe cha moto, cha kuongeza mwendo, chini ya kidole kile cha kulia, ataminya mpaka mfupa ulie. Kwenye kibodi hakuweza, mkono mzito ulikuwa unaangukia vitufe kumi kwa mpigo. Ilitakiwa maneti, mkono wa kushoto ushike usukani, wa kulia ukanyage moto na breki. Nilimwambia mtu wa kine. Akasema chochote kitakachofanya vidole vibonyeze ni kizuri. Nikavaa viatu nikavuka.

Muuzaji wa Goma nitamkumbuka mpaka kufa. Kibanda chake kiko karibu tu na mpaka, kimejaa maneti za konsoli zilizotumika Ulaya, zimefungwa kwenye nailoni ili zionekane mpya. Mtu mwenyewe alikuwa na miwani ya jua ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Nikamweleza nina kompyuta ya zamani na gemu ya zamani. Hata hakunisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, hii inatembeaka na kila kitu. Unachomeka, bon, unacheza."

"Hata gemu ya miaka ishirini nyuma?"

"Kila kitu ni kila kitu."

Nikarudi nayo. Nikachomeka. Taa ya kijani ikawaka, kompyuta yenyewe ikatoa mlio wa kuikaribisha. Nikafungua gemu, nikampa Mama, nikamkunjia vidole vyake juu ya vitufe kwa kutumia mtandio, nikasema bonyeza. Magari matano yakaondoka. La Mama likabaki kwenye mstari kama limeishiwa mafuta. Mama akabonyeza kwa kulia, kwa kushoto, akakivuta kile kifimbo, hakuna. Gemu haikujua kama kuna maneti duniani.

"Ile mutu alikuona tu vile uko," Mama akasema, yaani mjinga.

Nilivuka tena kesho yake nikiwa nimejaa hasira. Bwana yule akanikumbuka, akatabasamu, akaichomeka kwenye kompyuta yake.

"Taa inawaka?"

"Inawaka."

"Donc iko muzima. Gemu yako njo imekufa. Ununue konsoli, dada, uache vitu ya ba-grand-père."

Kompyuta ya Baba kuitwa kitu cha mababu! Nilimwambia maneno ambayo shangazi yangu wa Tabora asingeyapenda. Watu wa foleni ya mpakani walinipisha niliporudi, nadhani uso wangu ulitosha.

Nikamwita mtaalamu wa ukoo. Kila ukoo unaye. Wetu ni mtoto wa mama mkubwa, alisomea Kampala, na tangu arudi hawezi kuomba maji bila kutia Kiingereza ndani yake. Alikuja na begi la mgongoni, akavua viatu mlangoni, akamsalimu Mama, "Shikamoo mama mdogo, don't worry," kisha akakaa mbele ya kompyuta na kuvunja vidole vyake kimoja kimoja, ka, ka, ka, kama mpiga kinanda anayesubiriwa na uwanja mzima. Mama mwenye vidole visivyovunjika akamtazama. Yeye hakuona chochote.

Nitampa haki yake, tatizo la kwanza alilijua. Maneti za sasa, alisema, zinazungumza na kompyuta kwa njia mpya, na gemu ile ilitengenezwa wakati njia hiyo haijakuwepo, kwa hiyo maneti inapiga kelele na gemu haisikii. Dawa yake ni programu ya kukaa katikati. Ukibonyeza kitufe cha maneti, programu inaidanganya gemu kwamba umebonyeza herufi ya kibodi. Akaipakua. Likatokea dirisha lenye picha ya maneti. Unagusa kitufe kwenye picha, unaandika herufi unayotaka, basi. Hata mimi nilielewa. Kwenye gemu yenyewe imeandikwa moto ni A, breki ni Z. Mtaalamu akaandika A kwenye kitufe cha kulia, akaandika Z kwenye cha pili, akanipa na tabasamu la kitabibu.

Nikabonyeza A. Gemu ikasimama, ikauliza kwa maandishi makubwa kama nataka kuondoka.

Nikajibu hapana. Nikabonyeza tena. Unataka kuondoka? Kila nilipokanyaga moto, gemu ilinionyesha mlango. Nikabonyeza breki, hapo hakikutokea kitu kabisa.

Mtaalamu akaanza kazi. Akafuta programu, akairudisha. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akabadilisha tundu la waya, akapuliza ndani ya tundu kwa mdomo, huyu mtu wa Kampala, akapuliza kama mtu anayewasha jiko. Siku ya kwanza ikaisha. Siku ya pili akasema ni virusi. Siku ya tatu akasema gemu imeoza, ndiyo neno lake, imeoza ndani kwa ndani kwa uzee, na akatazama upande wa Mama bila kukusudia, au kwa kukusudia, sijui. Muda wote huo Mama alikuwa kwenye kiti chake nyuma yetu, akisema kitu kimoja.

"Ni Q."

"Ndiyo, mama mdogo," mtaalamu anajibu bila kugeuka.

"Moto ni Q. Siku yote ni Q."

"Hapa imeandikwa A, mama mdogo. Wewe tulia, upate nguvu."

Nami, naungama, nilimwambia atulie vilevile. Nilidhani ni kichwa. Watu waliopata kiharusi wakati mwingine wanachanganya maneno, tulikuwa tumeonywa. Mwanamke ameendesha gari lile miaka kumi na tano, na sisi wawili tunamtuliza kama mtoto mwenye homa.

Mtaalamu aliondoka siku ya tatu jioni. Alisema atafanya utafiti. Nilimfungia chapati kwa sababu mama yake ni mama yangu, lakini chapati zile nilizitoa kwa uchungu. Asubuhi ya nne nikakaa peke yangu mbele ya ile mashine, na kwa kuwa sina elimu ya Kampala, nilihitaji kutazama kibodi kabla ya kubonyeza. Mtaalamu hakuwahi kutazama vidole vyake, aliona fahari kuandika akiwa ameinua kichwa, na herufi ikitoka siyo alifuta akajaribu kitufe kingine mpaka kioo kionyeshe A. Nikatazama. Kibodi ya Baba ilitoka ofisi ya Goma, ni ya Kifaransa. Pale ambapo shule zetu za Kiingereza zimezoea A, yenyewe ina Q. Gemu ilitengenezwa kwa kibodi ya Kiingereza, haijali kilichochorwa juu ya kitufe, inajali mahali kitufe kilipo. Inaita A, lakini kwenye nyumba hii mahali pa A pameandikwa Q. Ukiiambia programu ipige A, inakwenda kupiga pale palipoandikwa A, ambapo gemu imeweka mlango wa kutokea. Mama hakuwa amechanganyikiwa. Mama alikuwa mtu pekee chumbani mwenye akili timamu.

Nikaandika Q kwenye kitufe cha moto. Kwa breki, Mama aliniambia W kabla sijauliza. Nikabonyeza, na gari jekundu la Mama likatoka kwenye mstari likinguruma.

"Nilisema nini?" Mama akauliza.

"Ulisema Q, Mama."

"Na mulisema nini?"

Nilimpigia simu mtaalamu nikamweleza. Akasema alikuwa anaelekea huko huko. Nilikata simu.

Sitaficha kwamba nilivimba. Mimi, mwanamke wa vitenge, asiyejua gemu wala haipendi, nilikuwa nimewashinda mwenye miwani na mwenye begi. Nilimwekea Mama kila kitu sawasawa, kifimbo cha kushoto kwa usukani, moto na breki kulia, ili ule mkono usipate pa kukimbilia. Akaniambia nimwonyeshe na lile dirisha la programu, linavyofunguka, unavyogusa, unavyoandika. Hapendi kitu chake kiguswe na watu. "Nionyeshe, nisikuite kila saa kama mugonjwa." Nikamwonyesha, akaelewa mara moja, akashika kipanya kwa mkono wa kushoto akajaribu mwenyewe. Nilijisikia mwalimu.

Siku mbili za kwanza zilikuwa mateso. Kidole cha kulia kilikuwa kinateleza, kinachelewa, kinabonyeza breki badala ya moto. Gari jekundu lilikuwa la mwisho kila mara, mbali sana nyuma ya wengine. Mama alitoka jasho puani. Alitukana gari la buluu, alimtukana muuzaji wa Goma, alinitukana mimi, na nikasema moyoni vizuri, tukana, minya.

Siku ya tatu nilikuwa na wateja. Siku ya nne nikaingia nikamkuta ni wa nne. Siku ya saba akawa wa pili. Wiki iliyofuata akashinda, akaniita kwa sauti iliyosikika mpaka kwa fundi cherehani wa jirani, nikakimbia nikidhani ameanguka tena, nikamkuta anacheka kwa upande mmoja wa uso.

"Tazama! Tazama ile buluu iko wapi!"

Nikatazama. Buluu ilikuwa nyuma kabisa. Mimi niliyesema maneno yale yote juu ya watu wazima wanaocheza gemu, niliruka juu.

Kuanzia hapo nikawa sivumiliki, najua. Niliwaambia wanawake wa soko. Niliwaambia wa msikitini. Jirani mmoja, mumewe naye alikuwa amepata kiharusi, alikuwa anakwenda kanisani Nyundo kila wiki kumwombea, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua dunia kwamba sala ni sala lakini na vidole vinataka kazi, anunue maneti. Aliponiuliza vidole vya mume wake mimi ninavifahamu vipi, nikamwonea huruma kwa ujinga wake. Kila alasiri nilisimama nyuma ya kiti cha Mama, mikono kiunoni, namtazama akikunja kona bila kugusa ukuta. Alikuwa amejifunika kitenge mapajani kwa sababu ya baridi, maneti juu yake. Wiki sita. Saa mbili kwa siku, wakati mwingine tatu.

Tukarudi hospitalini. Mama alikuwa amevaa vizuri, amejipaka wanja. Mtu wa kine akafurahi kumwona anatembea. Akaniuliza mazoezi yanaendaje, nikamwambia yote, maneti, Q, buluu, saa mbili kila siku. Nilikuwa naongea kama redio. Kijana akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akasema, "Basi, mubyeyi, tuone."

Akauchukua ule mkono. Akajaribu kufungua kidole cha kwanza, taratibu. Hakikufunguka. Akajaribu cha pili. Mama aliuma midomo na kutazama kalenda ukutani. Kijana akaupasha moto kwa viganja vyake, akajaribu tena, kidole gumba kikasogea kidogo sana, vingine vilikaa vilivyo.

"Huu mkono haujafanya kazi," akasema.

"Saa mbili kila siku," nikasema. "Nimesimama hapo hapo namwona."

"Dada, mimi sibishani. Huu haujafanya kazi." Halafu akaniuliza, si kwa ukali, aliuliza tu kama mtu anayejaza fomu. "Nyumbani nani anamshika mkono? Kumnyoosha vidole, kumkanda?"

Nikamjibu, "Kuna maneti."

Aliandika kitu. Akasema bado tunaweza kupata kitu kidogo, gumba pengine, na kidole kimoja au viwili, tukianza leo. Vile vingine tumechelewa.

Tulipofika nyumbani nikamwambia acheze. Akasema amechoka. Nikamwambia acheze. Akakaa, akachukua maneti, magari yakaondoka, na safari hii sikusimama nyuma yake. Nilikuja mbele, nikaipa kompyuta mgongo, nikatoa kile kitenge mapajani.

Mkono wa kulia ulikuwa umelala chini ya maneti, umeibeba kama kigoda. Mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kila kitu. Kidole gumba kwenye kifimbo, kidole cha kwanza juu kwenye kitufe cha bega la maneti, hapo moto, cha kati chini yake, hapo breki. Alikuwa amehamisha moto na breki. Alifungua lile dirisha nililomfundisha mimi, akagusa kitufe, akaandika Q, akagusa kingine, akaandika W, yote upande wa kushoto. Siku ya tatu, nilipokuwa na wateja. Na huku nyuma mlio wa injini ulikuwa unaendelea, bila shaka alikuwa anaongoza.

"Kwa nini, Mama?"

"Nilicheza siku mbili vile ulitaka," akasema, macho hayatoki kwenye kioo. "Nilikuwa wa mwisho. Kila saa wa mwisho. Mi siko mutu wa kuwa wa mwisho."

"Mkono, Mama! Ilikuwa kwa ajili ya mkono!"

"Mukono ilikufa ile siku nilianguka. Weye njo ulikataa."

Nilikuwa na maneno mengi, mimi sijawahi kukosa maneno. Nilitaka kumwambia ni mkaidi, ni mwizi wa karata, ameniaibisha mbele ya soko lote. Lakini wiki sita nilisimama nyuma ya mama yangu nikitazama gari. Nilijua rangi za magari yote sita. Nilijua ni kona ipi anapenda kuichukua kwa ndani. Kitenge kile kilikuwa pale muda wote, chepesi, cha kuinua kwa vidole viwili, na sikukiinua, kwa sababu sikutaka kuona kilichokuwa chini yake. Nikimvalisha nilikuwa naingiza ule mkono kwenye kanzu kwa kushika kitambaa. Nikimwogesha nilipitisha sponji haraka haraka nikitazama ukuta. Siku ya kwanza ya maneti nilimkunjia vidole kwa mtandio. Nilivuka mpaka, nikagombana na Goma nzima, nikaidharau Kampala, nikajifunza mambo ya Q na A, ili mashine iushike mkono ule badala yangu. Nilikuwa naogopa. Mama alilijua hilo, sijui tangu lini.

Nikakaa chini sakafuni, karibu na goti lake. Nikaiinua maneti kidogo, nikautoa ule mkono chini yake, na nikamwekea mto mahali pake. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani na haukuwa wa baridi. Nikaanza na gumba, nikalivuta nje kama kijana alivyofanya.

"Usinitikise," Mama akasema. "Nitagonga."

Akaendelea na mbio zake kwa kushoto. Nikaendelea na gumba, halafu kidole cha pili, machozi yananimwagikia nisiweze kuyafuta kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Miezi miwili na zaidi ilikuwa imepita tangu aanguke, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuushika.